Dakika Thelathini na Nane za Verlene Cutshaw

Verlene Cutshaw alipika chakula cha shule kwa miaka thelathini na mmoja, akamzika mumewe Doyle, akajifungia ndani miaka miwili, kisha akatoka na bastola kiunoni na kuanza kutembelea hifadhi za majimbo ya watu. Hiyo ndiyo habari yake kwa ufupi, na watu wa mji wetu wa Hollins Fork huisimulia hivyo hivyo, wakiruka kutoka kwenye mume hadi kwenye bastola kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Mimi ndiye niliyeshindwa kuruka. Mimi ni mdaku, nakiri. Nimeishi hapa Kentucky miaka ishirini na tatu, nauza dawa dirishani, na najua kila mtu mjini anameza nini. Ila miaka miwili ile ya Verlene sikujua ilikuwa na nini ndani yake, na ilinikera kama punje iliyokwama jinoni.

Bastola yenyewe si ajabu. Mchungaji anayo, kiongozi wa kwaya anayo, na daktari wa meno aliyening'oa gego mwaka juzi alikuwa nayo chini ya koti lake jeupe. Ajabu ya Verlene ni jalada. Ni la bluu, nene kama kitabu cha nyimbo za kanisani, na kila jimbo analokwenda lina kurasa zake: kama kibali cha Kentucky kinakubaliwa, kama askari akikusimamisha barabarani ni lazima umwambie papo hapo kwamba umebeba silaha, au unasubiri mpaka aulize, kama kibao cha katazo mlangoni kina nguvu ya sheria au ni ombi tu la mwenye duka. Jimbo lisilokitambua kibali chake halimo humo, na Verlene hakanyagi. Kuna hifadhi yenye sifa ng'ambo ya mto, kwenye jimbo la namna hiyo, watu wanatoka mbali kuja kuiona, yeye hajawahi. Bila bastola haendi, basi.

Kabla ya safari hupiga simu. Nimemsikia mara nyingi, kwa sababu hupiga akiwa jikoni kwake huku mimi nimekaa nakula biskuti zake.

"Naitwa Verlene Cutshaw, mwanangu, natoka Kentucky, kibali ninacho. Niambie majengo gani hapo nisiingie nayo."

"Mama, yote yapo kwenye mtandao."

"Nimeyasoma. Sasa nataka kuyasikia. Wewe unaitwa nani?"

Jina analiandika pembeni ya ukurasa, pamoja na tarehe. Halafu siku ya safari, tukivuka tu mpaka wa jimbo, anaegesha penye kituo cha kwanza cha kupumzikia, anazima injini, anavaa miwani, na kuusoma ukurasa ule kwa sauti kuanzia juu hadi chini. Jimbo liwe geni au tumekwisha kwenda mara tano, anasoma.

"Unalijua hili kwa moyo," nilimwambia siku moja.

"Pishi unalodhani unalijua ndilo linaloungua, Hawa. Nyamaza nimalize."

Tukifika penye jengo la serikali kuu, anaivua na kuifungia kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa mnyororo chini ya kiti. Anaingia, anatazama ramani, vipepeo waliopigiliwa pini na fuvu la dubu, anatoka, anaivaa tena. Sijawahi kumwona akichoka na shughuli hiyo. Na kwa macho ya watu hana silaha yoyote: bibi wa miaka sabini mwenye kofia ya jua na shati refu la maua lililoachwa nje, anayewaambia wapitaji wote hujambo.

Nilimuuliza nilivyoweza. Ndiyo tabia yangu.

"Unaogopa dubu?"

"Dubu nikimpiga kwa hii nitamkasirisha tu."

"Watu, basi?"

"Watu gani? Ukiwakuta porini wote wanatabasamu kama wamelipwa."

"Sasa unaogopa nini, bibie?"

"Saladi ya viazi ya wifi yangu. Kula, tuondoke."

Mtu akikufungia mlango hivyo kwa mzaha, unajua mlango upo. Nilinyamaza nikangoja, maana kungoja nako ni namna ya kuuliza.

Jumamosi moja kila mwezi aliwafundisha wanawake kubeba bastola, katika ukumbi wa wazima moto wa kujitolea. Mchana darasani, jioni kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, kulenga shabaha. Wanawake zaidi ya mia nne wamepita mikononi mwake: wauguzi, wakulima wa tumbaku, mke wa mchungaji. Na kitu alichokisisitiza kuliko kulenga kilikuwa choo. Ndiyo, choo. Anayebeba kiunoni anabeba siku nzima bila taabu mpaka mkanda unapofunguliwa. Hapo ndipo bastola inapoanguka, au inapowekwa mahali na kusahauliwa. Kila mwaka katika nchi hii mtu fulani huiacha chooni na mwingine akaikuta.

"Ukikaa," alikuwa akiwaambia, bila haya hata kidogo, "iweke ndani ya suruali yako, hapo miguuni. Huwezi kuondoka bila kupandisha suruali. Usiitundike kwenye ndoano. Usiiweke juu ya kisanduku cha karatasi. Na siku utakapoisahau, hata mara moja, hata kwa dakika moja, siku hiyo umeacha kubeba. Usinitafutie sababu. Iweke chini."

Wanawake walicheka sehemu ya suruali. Sehemu ya mwisho hawakuicheka, kwa sababu alikuwa akiisema huku amewatazama mmoja mmoja.

Sasa Tennessee. Ilikuwa Mei mwaka jana. Baridi ya mwaka ule ilikuwa imempa Verlene maumivu ya nyonga, na ala yake ya zamani, ile inayoingia ndani ya suruali na kukazwa na mkanda, ilikuwa ikimchoma kila akikaa. Akanunua nyingine nyepesi yenye kibanio kimoja, inayochomoka upesi. Niliiona, sikuitia maanani. Tulivuka mpaka, akausoma ukurasa wake, tukatembea asubuhi nzima kandokando ya kijito kwenye hifadhi moja ya jimbo, na saa sita tukarudi kwenye meza za mawe karibu na maegesho kula.

Verlene alikwenda chooni kwanza. Mimi nikatandaza chakula: mikate ya jibini na pilipili tamu, mayai ya kujaza, na chai yake ya barafu yenye sukari ya kung'oa meno.

"Nenda upesi," alisema aliporudi. "Upande wa wanawake kimoja kibovu, kimebaki kimoja tu. Na wale pale wanashuka." Alinionyesha kwa kidevu basi dogo lililokuwa likiteremsha wasichana wadogo wa skauti, wenye vizibao vya kahawia vilivyojaa beji.

Nikaacha mkoba wangu mezani, simu ikiwa ndani yake, nikaenda mikono mitupu. Nilikuwa nimevaa gauni jepesi lisilo na mfuko wala mkanda. Nikaingia, nikafunga kitasa, nikageuka. Juu ya kisanduku cha karatasi, usawa wa kifua changu, ilikuwa bastola ya Verlene. Imo ndani ya ala yake, imetulia kama kipande cha sabuni.

Nilisahau kilichonipeleka. Nilitazama saa yangu, sijui kwa nini: saa sita na dakika saba.

Wazo la kwanza lilikuwa kuichukua nitoke nayo. Lakini nitoke nayo wapi? Sijawahi kushika bastola maishani, na Verlene mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba silaha usiyoijua usiiguse. Na nje ya mlango nilikwisha kusikia viatu vidogo na vicheko. Nikifungua nimeishika mkononi, mbele ya watoto wa watu, sijui nani atapiga ukelele kwanza, mimi au wao. Wazo la pili lilikuwa kumwita: "Verlene!" Lakini angesikia kila mtu, mwalimu wao angemwita mlinzi wa hifadhi, jina lingeandikwa, na mjini kwetu jina likiandikwa huku asubuhi, jioni linaliwa na chai. Wazo la tatu lilikuwa kutoka na kuiacha. Hilo sikulimaliza hata kulifikiri.

Kwa hiyo nikaketi. Nilivuta karatasi nikaifunika bastola, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ikaonekana kama keki iliyoharibika. Nikajiambia, Verlene atajua tu. Si mwenyewe husema kwamba akiwa bila hiyo nyonga itampigia kelele kabla hajafika mlangoni? Basi nyonga ipige kelele. Ninaye hapa mtoto wake, namlea.

Dakika tano. Kumi.

"Mama?" ilikuwa sauti ya mwanamke nje. "Samahani. Unakaribia kumaliza?"

"Tumbo," nilisema. "Litatulia."

"Pole sana. Ni kwamba nina wasichana kumi na wawili hapa."

"Nawasikia."

"Mi nitajikojolea," mmoja alitangaza.

"Hutajikojolea, Tansy. Bana miguu."

Milango ya vyoo vya huku haifiki sakafuni, sijui nani aliyewaroga. Nikaona kwanza vidole viwili vya mkono, kisha nywele nyekundu, kisha uso mzima, kichwa chini, madoadoa puani, ukinitazama kutoka sakafuni.

"Hujambo," uso ulisema.

"Sijambo. Toka."

"Mbona umekaa tu? Hata nguo hujapandisha."

"Napumzika."

"Na hicho nini hapo juu?"

Nilisimama upesi nikakiziba kisanduku kwa mgongo wangu. Kichwa kile kilikuwa umbali wa mkono mmoja tu.

"Karatasi," nilisema.

"Kwa nini umezikunja hivyo?"

"Tansy! Ondoka hapo chini sasa hivi! Mama, naomba radhi, mama yake anamlea kama mbuzi."

Uso ulivutwa ukaenda. Filimbi ikalia. Yule mwanamke aliwakusanya, akawaambia kuna vyoo vingine upande wa kambi, mwendo wa dakika kumi, na atakayelalamika ataosha sufuria. Kabla ya kuondoka aligonga mlango kidogo kwa ukucha. "Mungu akupunguzie, mama," alisema. Nikasema amina, na nilimaanisha.

Kukawa kimya. Saa yangu ilisema saa sita na dakika thelathini na tatu. Ishirini na sita zimepita.

Hapa ndipo naona haya, lakini nitasema. Wakati ule ningeweza kutoka. Njia ilikuwa nyeupe. Ningeibeba na ule mzigo wake wa karatasi kama mtu abebaye yai, hatua thelathini, nikaiweka mezani mbele ya Verlene kimya kimya. Sikutoka. Nilikaa tena, kwa sababu nilitaka kujua. Nilitaka kuona itamchukua muda gani, mwanamke wa jalada, mwanamke wa kupiga simu na kuandika majina, kuhisi kwamba hanayo. Nilikuwa nikitazama mkono wa saa kama mtoto anayetazama chungu. Udaku wangu umenifanyia mambo mengi, lakini siku hiyo ulikaa nami chooni ukanifurahisha.

Saa sita na dakika arobaini na tano nilisikia hatua zake.

"Hawa! Umezama, au nikutupie kamba? Chai imekuwa maji matupu."

Hakuja kwa ajili ya bastola. Alikuja kwa ajili yangu.

Nikafungua. Aliniona, akaona karatasi, na kabla sijasema neno nikaiondoa ile mikunjo. Mkono wake ulikwenda nyongani, ukapapasa shati, ukapapasa tena chini ya shati. Uso wake haukubadilika. Ulisimama tu, kama saa iliyoishiwa ufunguo.

"Muda gani?" aliuliza.

"Dakika tano, hivi."

"Nimekula mayai manne," alisema polepole. "Nimezungumza na mlinzi kuhusu ule mti ulioanguka. Ameniambia habari ya ndoa ya binti yake, mwanzo mpaka mwisho. Muda gani, Hawa?"

"Thelathini na nane."

"Mtoto yeyote ameiona?"

"Hapana. Karibu. Hapana."

Aliichukua, akaikagua, akaivaa, akaukaza mkanda mpaka tundu la mwisho. Vidole vyake vilifanya kazi ile kwa ustadi ule ule wa siku zote, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kisha akaketi ukingoni mwa sinki, akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa mahali bila kufanya kitu.

Hatukumaliza kula. Tulirudi njia nzima bila redio. Ng'ambo ya mpaka, tukiwa tumekwisha kuingia Kentucky, alianza kusema akiwa ameikazia macho barabara, na sikuwa nimemuuliza.

"Baada ya Doyle kufa nilikwenda peke yangu kwenye hifadhi moja. Safari ya kwanza ya maisha yangu ambayo hakuna mtu aliyekuwa anasubiri chakula. Nikiwa njiani mwanaume mmoja akatokea nyuma yangu. Hatua mia hivi. Nikisimama, anasimama. Nikiinama kufunga kamba za kiatu, na yeye anainama kufunga za kwake. Maili mbili, Hawa."

"Akakufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Nilifika kwenye gari, akanipungia mkono, akacheka, akaenda zake." Akalipita lori. "Ungemwambia nini askari? Kwamba mtu alifunga viatu? Nilirudi nyumbani nikafunga mlango. Miaka miwili nilikuwa nakwenda dukani na kanisani tu, tena nikiegesha karibu na taa. Hii sikuinunua nipige mtu. Niliinunua nitoke nje."

Basi punje ikatoka jinoni, na sikufurahi. Nilikuwa nimeitaka habari ile miaka minne, na nilipoipata nilitamani ningeipata siku nyingine yoyote isipokuwa ile.

"Hakuna anayejua isipokuwa mimi na wewe," nilimwambia. "Mimi sijaona kitu."

"Wewe umeona. Na mimi nimeona."

"Verlene, ni nyonga tu. Ni ile ala mpya."

"Hiyo ni sababu," alisema. "Nilisema watu wasinitafutie."

Jumamosi ya darasa ilipofika nilikwenda, nikakaa nyuma na kikombe cha kahawa. Wanawake kumi na mmoja. Nilidhani ataanza na habari za mtu mmoja, rafiki yake fulani, kama watu wanavyofanya. Hakufanya hivyo. Alisimama akasema, "Tarehe kumi na nane Mei niliiacha bastola yangu juu ya kisanduku cha karatasi, kwenye choo cha hifadhi, kwa dakika thelathini na nane, na wasichana kumi na wawili wakiwa kwenye foleni." Alieleza yote. Ala, nyonga, mayai manne. Mama mmoja kijana mstari wa mbele alitikisa kichwa kwa huruma.

"Lakini bibi, hakuna aliyeumia," alisema.

"Kweli, mpenzi. Hilo nalo husemwa na kila mtu, mpaka siku moja hasemi."

Kisha akamwita Janelle Stamper, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mwalimu, akamkabidhi ubao na chaki na darasa. Akachukua mkoba wake akatoka. Bastola aliifungia kwenye sefu nyumbani. Mji ulizungumza wiki moja, ukagawanyika: wengine walisema ameonyesha mfano, wengine walisema uzee umemfika, na wifi yake wa saladi ya viazi alisema yote mawili kwa pumzi moja.

Majani yaliota kuzunguka magurudumu ya trela yake ya safari ndefu, iliyoegeshwa uani. Juni ikapita, Julai, Agosti. Nikipita jioni namkuta sebuleni, pazia limeshushwa, taa ya nje inawaka wakati jua bado lipo. Nilimwona akirudi kwenye ile miaka miwili, hatua kwa hatua, na kila nikimtazama nilikumbuka zile dakika kumi na mbili zangu. Mwisho nilimwambia. Nilimwambia kila kitu: kwamba njia ilikuwa nyeupe, kwamba nilikaa kwa sababu nilitaka kuona.

Alihesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo ni ishirini na sita," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe kumi na mbili."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Ingekuwa dakika moja ningefanya hivi hivi, Hawa. Lakini wewe ni mbaya, ujue."

"Najua."

"Mbaya kabisa."

Nikajitolea kwenda naye, kila wikendi nisiyofanya kazi, popote atakapo. Akatikisa kichwa. Alisema hakuanza safari zile ili asindikizwe. Kusindikizwa alisindikizwa miaka arobaini na Doyle, mtu mwema, na hakuona hata mti mmoja bila kuonyeshwa. Nilikasirika. Nilimwambia asiwe mkaidi. Akaniambia nichukue biskuti niende nyumbani.

Oktoba, siku ya Alhamisi, simu yangu ililia dirishani kazini. Saa nne asubuhi.

"Niko Indiana," Verlene alisema.

"Na nani?"

"Na nani! Peke yangu, nayo iko nyumbani kwenye sefu. Niko kwenye maegesho ya hifadhi. Nimekaa garini toka saa mbili."

Nilimpa ishara mwenzangu ashike dirisha, nikaingia stoo nikafunga mlango. Nikamuuliza kuna nani hapo. Akasema kuna mzee na mbwa, kuna vijana wawili wa baiskeli, na kuna gari moja lisilo na mtu ambalo yeye halipendi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, siijui.

"Rudi nyumbani, mpenzi," nilimwambia. "Hakuna aliyekulazimisha."

"Sikukupigia uniambie nirudi."

"Basi unataka niseme nini?"

"Chochote. We si unapenda kuuliza? Uliza."

Nikauliza. Nilimuuliza amevaa viatu gani, majani yamegeuka rangi au bado, yule mbwa ni wa aina gani. Nikasikia mlango wa gari ukifunguka, ukifungwa. Nikasikia changarawe. Alijibu kila swali kwa pumzi fupi, na mimi niliendelea kuuliza upuuzi: daraja ni la mbao? Lina ngazi ngapi? Akahesabu ngazi. Alipofika ya kumi na nne simu ikakatika.

Nilipiga, haikupatikana. Hakuna mtandao katikati ya miti, hilo nalijua. Lakini sikujua kama ameendelea au amerudi mbio kwenye gari, na nilijikuta nimesimama kati ya masanduku ya pamba, nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa ajili ya mtu asiye wa damu yangu. Sikutaka kujua chochote. Nilitaka tu awe mzima. Nilirudi dirishani nikahudumia watu, na kila kengele ya mlango ilipolia niliruka.

Saa nane na robo ndipo alipopiga.

"Maporomoko yamekauka," alisema, anahema. "Picha yao kubwa vile kwenye kitabu, na hakuna tone. Maili tatu na nusu, Hawa. Nimekuja kuona mawe."

Nililia, mbele ya wateja, bila kujificha.

"Nini tena?" aliuliza.

"Hamna. Unarudi sasa?"

"Kuna njia nyingine upande wa pili wa ziwa. Wanasema ni fupi." Nilimsikia akinywa maji. "Nakata, betri inakwisha."

Akakata kabla sijamjibu.